Bwana Marekebisho na Gesi ya Pipa

Nianze kwa kusema wazi kwamba simpendi shemeji yangu, ili msomaji asijisumbue kutafuta huruma mahali ambapo sikuiweka. Amemuoa dada yangu mkubwa, ofisi yake imepakana na yangu chuoni, na ukuta unaotutenganisha ni ubao mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya yeye huniambia kutokea upande wa pili kuwa nilipaswa kuziba mdomo. Wanafunzi wamempa jina la Bwana Marekebisho. Yeye, masikini wa Mungu, anadhani ni sifa.

Baba yake alikuwa fundi saa. Hadithi hii nimeisikia kwa mama yake mzazi, ambaye huisimulia kila tunapokutana huku akifuta machozi ya kicheko. Siku moja jirani alileta saa ya ukutani ibadilishwe kioo tu. Saa yenyewe ilikuwa inatembea vizuri. Mtoto, ambaye hata meno ya utoto yalikuwa hayajang'oka, akaifungua kwa nyuma na kuisahihisha. Saa ile haikutembea tena. Mama anasema hapo ndipo alipojua amezaa mwanasayansi. Mimi hucheka kwa adabu, maana ni mama mkwe wa dada yangu, lakini moyoni namhurumia yule jirani.

Basi akakua hivyo hivyo. Shuleni alimsahihisha mwalimu wa jiografia mpaka mwalimu akaomba uhamisho, au ndivyo anavyojisifu. Siku ya harusi yake alimnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti ili atangaze kwamba shahada yake ya pili aliipata mwaka mmoja kabla ya ule uliotajwa. Dada yangu alikuwa ameketi pembeni na shela lake, anawatabasamia wageni, na mimi niliyewakutanisha nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nyumbani kwake ni balaa tupu. Sahani zikishaoshwa, anaziosha upya. Shati likishapigwa pasi, analipiga pasi tena na kuunguza kola. Chakula kikifika mezani hunyoosha mkono kwenye kopo la chumvi kabla hajaonja, kisha hulalamika kwamba chumvi imezidi. Nikimuuliza dada anavumiliaje, hunijibu, "Mwache tu, ndivyo alivyo. Hana nia mbaya." Mimi nimeshachoka na watu wasio na nia mbaya.

Kazi yake ni nyota, au tuseme kile kinachobaki nyota ikifa. Nyota ya kadiri, yenye ukubwa kama wa jua letu, ikizeeka huvimba, kisha huanza kuvua matabaka yake ya nje, na gesi ikasambaa pande zote. Katikati hubaki kiini kidogo chenye joto la kutisha, na mwanga wa kiini hicho huifanya gesi ing'ae. Wingu hilo huitwa nebula ya sayari. Halina sayari ndani yake, wala halihusiani na sayari yoyote. Watu wa zamani walichungulia kwenye darubini zao hafifu, wakaona kiduara kilichofifia, wakasema kinafanana na sayari, na jina likaganda. Ni kosa la wazi, limo katika kila kitabu, na sijawahi kumsikia Bwana Marekebisho akilisema hata kwa mzaha. Makosa ya wakubwa hayamnyimi usingizi.

Mtu akiona picha za mawingu hayo hudhani yametulia tu pale angani kwa ajili ya kupendeza. Hayajatulia. Gesi inakimbia, na inakimbia kwa mpangilio. Ukiupasua mwanga wake katika rangi zake unapata mistari mikali, na ukielekeza mwanya mwembamba wa chombo cha kupasulia mwanga katikati ya wingu, mstari mmoja wa rangi hupasuka ukawa miwili: mmoja wa gesi ya mbele inayokuja kwetu, mwingine wa gesi ya nyuma inayotukimbia. Ukipima nafasi kati ya mistari hiyo unajua wingu linatanuka kwa kasi gani. Ukihamisha mwanya kidogo kidogo, sehemu baada ya sehemu, unaanza kulijua umbo ambalo macho hayawezi kuliona kwa sababu liko mbali mno: kama ni mpira, au yai, au lina kiuno. Ni kazi nzuri. Nasema hivyo ili isidhaniwe kwamba ninachokidharau ni kazi.

Wingu alilokuwa akilishughulikia lina namba ndefu katika orodha za mbinguni, namba isiyomsisimua mtu, kwa hiyo idarani tunaliita Pipa. Lina kiuno kinene na ncha mbili zilizo wazi. Gesi ya kiunoni huenda polepole, ya nchani huenda mbio. Kwa nini kiuno kimebana wakati ncha zimeachiwa, hilo ndilo swali, na ndilo alilopewa binti mmoja aandikie tasnifu yake ya uzamivu.

Binti huyo alikuwa mwalimu wa sekondari kabla ya kurudi chuoni, kifungua mimba kwao, na nyumba nzima inamtazama yeye. Ni mwembamba kama uzi, kwa hiyo bila shaka watu walimwita Binti Pipa. Anaongea kwa sauti ya chini na hufuta ubao baada ya kipindi bila kuambiwa. Idara ilikuwa imemtengea nafasi ya uhadhiri msaidizi, yake mara tu atakapomaliza tasnifu. Alikuwa na vipimo vya Pipa zima, mwanya baada ya mwanya, kiunoni na nchani, na jedwali lake lilikuwa safi kuliko meza ya msimamizi wake. Msimamizi wake alikuwa shemeji yangu.

Sasa kuna jambo moja la ufundi ambalo lazima nilieleze, na nitalieleza mara moja tu. Dunia yetu haijasimama. Inakimbia kulizunguka jua, imebeba darubini na mtu anayepima. Miezi mingine tunalikimbilia wingu, miezi mingine tunalipa kisogo. Kwa hiyo kasi yoyote unayoipima imechanganyika na kasi yako mwenyewe, na kabla hujafungua mdomo kuizungumzia gesi huna budi kuuondoa mwendo wa dunia kwenye hesabu. Sisi huita kutoa mwendo. Zamani kila mtu aliutoa kwa mkono wake. Shemeji aliendelea kuutoa kwa mkono hata baada ya darubini ya mlimani tunayoitumia kufungwa chombo kipya cha kupasulia mwanga, na alijivunia hilo mbele ya kila mgeni.

"Mashine haina akili, shem," aliniambia. "Mimi siachi kitu mpaka kipite mkononi mwangu."

Alipoutoa mwendo kwenye vipimo vya binti, kukatokea jambo la ajabu. Mwanzo wa msimu, Pipa linapoanza kuonekana alfajiri, gesi yote ilionekana kama inarudi nyuma. Mwisho wa msimu, Pipa linapokaribia kuzama pamoja na jua, gesi ile ile ilionekana inatujia. Akapima msimu uliofuata, na ikawa vile vile. Mtu mwenye busara angejikuna kichwa. Yeye alifungua mlango wa ofisi yake kwa kishindo akatangaza kwenye korido kwamba nyota iliyo katikati ya Pipa inapuliza kwa zamu, mara upande huu, mara upande ule. Akaliita jambo hilo Mbembeo. Kabla ya wiki kwisha mchoro wa Mbembeo ulikuwa umebandikwa karibu na mashine ya kutolea nakala, na mkuu wa idara, mtu ambaye hujua utafiti ni mkubwa kwa kuangalia ukubwa wa karatasi uliochapishiwa, alikuwa anauonyesha kwa wageni.

Mimi nafundisha mambo ya mwanga na lenzi. Gesi si shamba langu. Lakini nina macho.

"Shemeji," nilimwambia tukiwa chumba cha chai, "gesi yote hiyo, ambayo mwanga wenyewe unachukua miezi kuipita, itageukaje kwa pamoja kama askari kwenye gwaride? Na nani anaisukuma? Na kwa nini kila msimu inaanza upya? Nyota gani hiyo inayofuata kalenda yetu?"

Alinitazama kwa upole wa kuudhi. "Ndiyo maana unaitwa ugunduzi, shem. Ungekuwa wa kawaida ungeshagunduliwa." Kisha akanihurumia kwa wivu wangu, kwa sauti ya kusikika hadi kwa mhudumu wa chai.

Redio ikaja kumhoji. Aliongea nusu ya kipindi na nusu nyingine alimsahihisha mtangazaji. Dada yangu aliwaita majirani wakasikilize sebuleni, na alinipigia simu baadaye kuniuliza kama nami nimesikia, na nikasema nimesikia, na kwamba sauti yake ilitoka vizuri. Ilitoka vizuri kweli. Ndilo jambo pekee la ukweli nililoweza kulisema siku ile.

Binti Pipa aliamriwa aache swali lake la kiuno na ncha, tasnifu nzima igeuzwe iwe juu ya Mbembeo. Akaigeuza. Wakaandika makala kwa ajili ya jarida la nje, jina la mwalimu likatangulia na la mwanafunzi likafuata, ndivyo ilivyo kawaida. Jarida likajibu kwamba makala imekubaliwa na itatoka baada ya masahihisho madogo. Shemeji aliyafurahia hayo masahihisho madogo kuliko kukubaliwa kwenyewe.

Ndipo alipokuja yule mama wa mlimani. Ni fundi mkuu wa chombo kipya, mama mnene mcheshi mwenye viatu vya kupandia milima, na alikuja chuoni kutufundisha matumizi yake kwa siku mbili. Wakati wa chai ya asubuhi shemeji alimbana kwenye kona, mimi nikiwa hapo hapo nasubiri birika lichemke. Akaanza kumhutubia juu ya kutoa mwendo. Alimweleza kwamba chombo chao ni kizuri lakini kina upungufu mmoja, kwamba watumiaji wavivu watakuja kuumbuka, na kwamba yeye binafsi, kwa bahati nzuri, hutoa mwendo wa kila kipimo kwa mkono.

Yule mama alikuwa ameuma biskuti. Akatafuna, akameza.

"Unautoa kutoka kwenye data tunazowatumia?"

"Naam. Zote."

"Lakini mwalimu wangu, sisi tunautoa kabla ya kuwatumia. Tangu siku ya kwanza. Imeandikwa ukurasa wa mwanzo kabisa wa maelekezo." Akacheka bila ubaya wowote. "Wewe ukiutoa tena si unauingiza upya, kinyumenyume? Utaona gesi inayumba mwaka mzima, kumbe ni wewe."

Nilimwangalia shemeji. Kikombe kilibaki hewani, na midomo ikawa inasogea kama ya mtu anayejumlisha. Alielewa. Nataka hilo lieleweke vizuri, kwa sababu baadaye alikuja kujitia hamnazo: alielewa pale pale, kabla birika halijachemka. Hakukuwa na Mbembeo. Hakukuwa na nyota inayopuliza kwa zamu. Kulikuwa na mtu mmoja aliyesahihisha kilichokwisha sahihishwa, akaupaka mwendo wake mwenyewe kwenye uso wa nyota.

"Aa," alisema. "Ndiyo. Bila shaka." Akaweka kikombe mezani na kutoka nje.

Nikasema moyoni, haya, leo tutamwona. Mtu aliyemsahihisha mwalimu wa jiografia, mshereheshaji, mtangazaji na mama mkwe wangu mimi kuhusu jinsi ya kumenya kitunguu, atashindwa kujisahihisha yeye? Nilimpa siku ile. Nikampa na kesho yake. Kupitia ule ukuta wa ubao nilimsikia akitembea huku na huku, kisha nikasikia akiandika, na kwa ujinga wangu nikafurahi.

Wiki iliyofuata Binti Pipa alibisha mlangoni kwangu. Hajawahi kubisha mlango wangu akiwa amesimama wima namna ile. Macho yalikuwa yanang'aa, na alishindwa kukaa.

"Shikamoo mwalimu. Nimekuja kukuambia kabla sijampigia mama. Mwalimu ameniachia makala!"

"Amekuachia vipi?"

"Ameliandikia jarida aondolewe jina. Iwe yangu peke yangu. Amesema kazi kubwa niliifanya mimi na vijana lazima wapewe nafasi ya kung'ara." "Sikuwahi kudhani ananithamini hivyo. Huwa hasemi."

Nimewaona watu waoga. Nimewaona wakijificha nyuma ya nyaraka, nyuma ya ugonjwa, nyuma ya vikao vilivyoahirishwa. Lakini huyu alilishika kosa lake mwenyewe, akaliviringisha vizuri, akamvika binti wa watu kilemba cha ukoka, na binti akasema asante. Jina lake lingetoka safi. La binti lingebaki peke yake juu ya makala ambayo siku moja mtu yeyote aliyesoma ukurasa wa mwanzo wa maelekezo angeichana vipande, na nafasi ya uhadhiri ingekwenda na maji, na hakuna atakayekumbuka kwamba kulikuwa na mwalimu.

"Kaa chini, mwanangu," nilimwambia.

Nikamweleza yote, chai, biskuti na kikombe. Sikupunguza. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipomaliza hakulia, ingawa nilikuwa nimeshatoa leso.

"Nilimuuliza," alisema. "Mwaka wa kwanza. Niliona alama kwenye faili, nikamwambia, mwalimu, hii si kama mwendo umeshatolewa? Akasema yeye ametoa mwendo kabla mimi sijazaliwa."

"Ukanyamaza."

"Ni mwalimu wangu."

Akaomba kompyuta yangu. Akafungua jedwali lake, akaufuta ule mwendo uliotolewa mara ya pili, safu moja tu, na mchoro ukajichora upya mbele yetu. Gesi ilinyooka. Haikuyumba mbele wala nyuma, ilitanuka kwa kasi ile ile msimu huu na msimu uliopita. Na kwa kuwa kelele ya Mbembeo ilikuwa imeondoka, umbo likajitokeza: kiuno kinachotanuka taratibu, na ncha mbili, moja inatujia na nyingine inatukimbia, na kadiri gesi ilivyokuwa mbali na kiini ndivyo ilivyokwenda kasi zaidi. Pipa lilikuwa pale siku zote. Aliliangalia kwa muda, kidole kikifuata mstari kwenye kioo, na sikuweza kujua kama ana hasira au anasoma.

Mimi hasira nilikuwa nayo ya kutosha wawili. Nilizunguka ubao nikaingia kwa shemeji bila kubisha.

"Jina lako liko wapi?"

"Jina gani, shem?"

"Kwenye makala."

"Ah, hilo." Alinyoosha kalamu mezani zikae sambamba. "Vijana lazima wapewe nafasi. Sisi tumeshakula chumvi nyingi."

"Na yule mama wa mlimani alikuambia nini?"

"Tuliongea mambo mengi. Siwezi kukumbuka yote."

"Utaandika leo kwamba kosa ni lako?"

Alinyanyuka, akanikaribia, nikadhani sasa atasema. Akanyoosha mkono akanitoa uzi uliokuwa begani. "Umechoka, shem," alisema. "Mpumzishe yule binti. Asijitie presha kwa mambo madogo." Sikumpiga. Nalitaja kwa sababu ni jambo ninalojivunia.

Semina ya idara ilikuwa imepangwa mapema, Binti Pipa aeleze Mbembeo mbele ya watu wote. Hakuomba iahirishwe. Ukumbi ulijaa, kwa sababu ya redio. Mkuu wa idara alikaa mbele kama mwenyekiti, shemeji kiti cha pili, miguu imepishana, daftari wazi. Dada yangu alikuja pia. Alikuwa amevaa nguo mpya na alikaa karibu nami, akaninong'oneza kwamba mume wake alikuwa halali vizuri siku hizi kwa ajili ya kumfikiria yule mwanafunzi. Nikamwambia naamini.

Binti alisimama. Sauti ilikuwa ya chini kama kawaida, na watu wakanyamaza ili waisikie.

"Nilipaswa leo kueleza Mbembeo," alisema. "Hakuna Mbembeo. Mwendo wa dunia ulitolewa mara mbili kwenye vipimo vyangu, mara moja na chombo, mara ya pili na sisi. Kuyumba kote mnakokuona kwenye ule mchoro wa korido ni kuyumba kwetu." Akauonyesha, kisha akaweka mchoro mpya kando yake. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Mkuu wa idara aligeuka kumwangalia shemeji, na shemeji akaangalia daftari.

"Mwalimu wangu," binti akaendelea, "aliniachia makala ile iwe yangu peke yangu. Nilishukuru. Kwa hiyo nimeifuta peke yangu. Jarida limeshajibu."

Hakupandisha sauti wala hakumtazama. Nilimsikia dada yangu pembeni yangu akivuta pumzi na kutoitoa. Kisha binti akaeleza Pipa: kiuno, ncha, kasi inayoongezeka kwa umbali, na kwa nini anafikiri kulikuwa na mkanda wa gesi nzito kiunoni tangu awali, uliouzuia upepo unaovuma kutoka kwenye kiini, nao ukalazimika kutokea juu na chini. Alieleza vizuri. Watu walisahau kashfa kwa muda wakaanza kusikiliza gesi.

Alipomaliza, mwenyekiti akauliza kama kuna maswali. Mkono wa kwanza ulikuwa wa shemeji.

Kwa mara ya kwanza tangu harusi nilimtakia mema. Alisimama, akarekebisha miwani. Sentensi moja tu ilitosha, na hata isingekuwa nzuri tungeipokea.

"Kwenye mchoro wa pili," alisema, "mhimili wa wima. Umesahau kuandika vipimo."

Binti aligeuka akauangalia mchoro. Ni kweli, alikuwa amesahau. Akachukua kalamu, akaandika kilomita kwa sekunde kwa mkono kwenye ubao kando yake, akaifunika kalamu.

"Asante, mwalimu. Kuna kingine?"

"Hapana."

Alimngojea. Alimngojea muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akiwa na kalamu mkononi. "Hakuna kingine kabisa, mwalimu?"

"Hakuna," alisema shemeji, na akaketi.

Dada yangu alinyanyuka, akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakunisemesha, na mpaka leo hatujaizungumza siku ile. Najua tu kwamba alirudi nyumbani kwa miguu wakati gari la mume wake lilikuwa limeegeshwa pale nje.

Binti aliomba msimamizi mwingine, wakanipa mimi na lenzi zangu. Tasnifu inaandikwa upya tangu mwanzo, kwa hiyo nafasi ya uhadhiri alipewa kijana mmoja ambaye mkuu wa idara anamsifu kwa kuwa hana maneno mengi. Binti amerudi kufundisha sekondari asubuhi, mchana anakuja kwangu akiwa na vumbi la chaki kwenye mikono. Mama yake, aliniambia, hajaelewa mpaka leo kwa nini mtu afute kitu chenye jina lake. Shemeji yuko pale pale nyuma ya ukuta wetu wa ubao. Hakuna aliyemwajibisha, maana katika karatasi zote za Mbembeo zilizobaki, jina lake halimo.

Juzi tulikutana naye kwenye korido, mimi na binti, tumebeba michoro. Alisimama, akatabasamu, akaunyoosha ukingo wa karatasi moja uliokunjika.

"Habari za utafiti wetu?" alimuuliza.

"Shikamoo mwalimu," alisema Binti Pipa, na akaikunja tena ile karatasi ilivyokuwa. "Wangu unaendelea vizuri. Wako sijui."